Mashine mbili, ao meza moja ya kuchora?

Haya ni maneno ya kijana mmoja wa chama chetu, fundi wa pikipiki, aliyoyasema kwenye mkutano mkuu hapa Baraka. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema, kwa ajili ya wanachama walio mbali na wafadhili wetu ambao hawakuwa pamoja nasi.

 

Nimepewa dakika kumi na tano. Niliomba kusema juu ya jambo moja tu: zile mashine mbili za michezo ya video ambazo wafadhili wetu wanataka kutununulia kwa ajili ya chumba cha vijana. Mimi naomba tuwaambie aksanti, kisha tuwaombe kitu kingine, cha bei ndogo sana. Naona wengine wameshakunja uso. Munisikilize kwanza.

Sikuja kusema kwamba mchezo ni shetani. Mimi nimecheza. Tangu ile PlayStation ya kwanza ilipofika, nilikuwa natoka garaji mikono ikiwa bado na mafuta, naenda moja kwa moja kushika maneti. Mpira wa kwenye televizio ni mtamu, tusidanganyane. Unachagua timu, unafunga bao, wenzako wanapiga kelele, unasahau kwamba siku nzima hakuna mteja aliyekulipa. Na ni kweli chumba kile kimetusaidia. Kijana akiwa mle ndani saa moja ya usiku, tunajua yuko wapi na hayuko wapi. Hapa Fizi kila mzazi anaelewa neno hilo, sina haja ya kulifungua.

Kuna mzee mmoja aliniambia, "Batoto bako bagonjwa ya ile televizio." Nikamjibu pole pole. Ni kweli Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayoitwa ICD-11, iliyokubaliwa 2019 na kuanza kutumika 2022, limeandika kwamba kuna watu ambao mchezo wa video unawatawala mpaka unakuwa ugonjwa. Lakini waliweka masharti: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umepita masomo na kazi na ndugu, anaendelea hata akiona unamharibia, na kwa kawaida hali hiyo imedumu angalau miezi 12. Vijana wetu wengi hawajafika pale. Basi tusiwaite wagonjwa. Shida yangu mimi ni nyingine, tena ziko mbili.

Ya kwanza ni feza. Mechi moja ni franga 500, na zile franga zinaingia kwenye kasa ya chama. Kasa hiyo inalipa sanduku mtu akifa, inalipa mama akizalishwa kwa kupasuliwa. Kwa hiyo wenzangu wanasema: mashine tatu, kasa itajaa mara tatu. Hesabu nzuri. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili anatoa wapi franga 500? Anatumwa kununua mafuta ya kula, anarudi na mafuta pungufu. Anatumwa kuuza ndakala, anasema soko lilikuwa baya. Wamama munaonisikiliza hapa, munacheka, munajua nasema nini. Tunaitoa ile feza kwenye sahani ya mama, tunaiweka kwenye kasa, kisha siku mama akiugua tunamrudishia na kumwambia chama kimekusaidia. Mimi naona kule ni kuzunguka tu.

Ya pili ni ngumu zaidi kueleza, na ndiyo iliyonileta hapa.

Sisi wengi wa umri wangu tulizaliwa kambini. Mimi nilizaliwa Lugufu. Nilifika Baraka kwa meli kutoka Kigoma nikiwa na miaka minane, na watoto wa hapa walituita Watanzania juu ya Kiswahili chetu. Niliambiwa, "Hapa ni kwenu." Nikatazama, sikuona kitu ninachokijua. Wazazi walikuwa na vijiji vyao kichwani: mto gani, mwembe gani, njia ya kwenda kwa mjomba. Sisi tulikuwa na mistari ya nyumba za kambi, na bomba la maji. Wadogo zetu waliozaliwa hapa hapa wana kidogo zaidi, lakini si sana. Sasa mtoto huyo, ambaye hajamaliza kuijua nchi yake, tunamkalisha mbele ya televizio, anajua kila kiti cha uwanja wa Ulaya. Anatoka saa mbili usiku, haulizi kitu, hakuna mtu wa kumuuliza kitu. Saa zile zimepita na mkononi hana hata alama.

Kuchora kulianza bila mpango wowote. Ilikuwa masika, mvua siku nne mfululizo, pano ya sola haipati jua, batri imekufa. Vijana kumi na mmoja wamekaa kwenye chumba wanangoja umeme kama watu wanaongoja meli. Mimi nilikuwa na karatasi ya mfuko wa sima ambayo nilichorea kabureta asubuhi ile, kumwonyesha mwanafunzi wangu wa garaji petroli inapita wapi. Mmoja akaitazama akasema, "Nawe unajua kuchora?" Nikasema hapana, najua kabureta. Akachukua kaa, akachora pikipiki. Matairi yake yalikuwa kama viazi. Tukacheka mpaka machozi. Mwingine akasema yeye ataweza zaidi. Jioni ile ukuta mzima ulikuwa na pikipiki, na mama anayetukodishia chumba alitugombeza sana. Kesho yake tukanunua kaye.

Wiki mbili za kwanza ni mbaya, nawaambia wazi, ili mtu asije akasema nilimdanganya. Mchezo wa video unakulipa kila mara: pointi, kelele, bao, jina lako linaandikwa. Karatasi hailipi. Unachora uso wa dada yako, unatoka uso wa mbuzi, na dada amekasirika. Vijana watatu waliacha palepale. Waliobaki, walibaki kwa sababu tulipata mambo madogo ya kushika.

Kwa mfano sufuria. Mwambie mtoto achore sufuria mezani, atachora mdomo wake duara kamili kama mwezi, kwa sababu anajua sufuria ni duara. Lakini ukikaa na kuitazama kwa ubavu, ule mdomo umelala, umekuwa kama yai lililobanwa. Ukiinuka, yai linafunguka. Ukiinama macho yakawa sawa na ukingo, linakuwa mstari tu. Siku mtoto anapoliona lile, anapiga kelele kuliko ya bao. Niliyaona kwa macho yangu. Alikuwa ameiona sufuria ile kila siku ya maisha yake na hakuwahi kuitazama.

Ama ziwa. Sisi hapa tunatazama maji ya ghuba, na ng'ambo ni mlima wa Ubwari. Ukiwa umesimama mchangani, maji ni mkanda mwembamba, mlima unakaa juu yake. Panda kilima nyuma ya mji, mkanda ule unapanuka, mitumbwi inatawanyika, ile ya karibu inakaa chini kwenye karatasi na ile ya mbali inapanda juu. Hakuna aliyetufundisha. Tulibishana, tukapanda kuangalia. Asubuhi jua linatoka nyuma ya Ubwari, kwa hiyo mlima ni mweusi wote. Saa kumi za jioni jua liko upande wetu, unaona mpaka mikunjo na mashamba. Sasa kuna vijana wanaoamka mapema kwa ajili ya ule weusi. Wazazi wao wanafikiri ni muujiza.

Kuna ujanja mwingine, huu niliupata kwa simu, wa mwalimu mmoja Mmarekani anaitwa Betty Edwards aliyeuandika kwenye kitabu chake cha 1979. Unachukua picha, hata ya kalenda ya zamani, unaigeuza kichwa chini, unaichora vile vile ikiwa imegeuka. Kichwa chako hakitambui tena "hii ni pua, hii ni sikio", kinaona mistari tu, na mkono unafuata. Ukimaliza unaigeuza. Mtoto aliyesema hajui kuchora anabaki ameduwaa. Mujaribu nyumbani, hata nyinyi wazee.

Vifaa? Karatasi ya ndani ya mfuko wa sima ni nzuri sana kwa makaa, ina ukwaruzo. Migongo ya kalenda pia. Makaa ya kuchorea tunatengeneza wenyewe: vijiti vyembamba vikavu, vimenywe maganda, vinajazwa kwenye kopo la maziwa ya unga, kifuniko kinatobolewa tundu moja kwa msumari, kopo linawekwa kwenye mbabula. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukiisha kutoka, unaondoa kopo na kuliacha lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa la moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka, umepata majivu. Krayo na gome ya kufutia tunanunua. Kwa feza ya mechi chache tu unapata kaye na krayo, na kaye inakaa wiki nyingi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulitegemea.

Kijana mmoja kati yetu, wa miaka kumi na tano, alichoka kuchora sufuria. Akamwambia babu yake, "Niambie kijiji chenu kilikuwaje, nichore." Babu yule alikimbia mwaka 1996, na tangu arudi hajapata nguvu ya kupanda mpaka kule milimani. Akaanza kusema. Mtoto akachora nyumba, akachora mwembe mbele. Babu akasema, "Hapana, ule mwembe ulikuwa nyuma, kwa mama yako mkubwa. Mbele kulikuwa na jiwe la kunolea." Gome ikapita. Wakachora mto, babu akasema mto hauendi hivyo, unazunguka mashamba ya muhogo kwanza. Jirani, bibi mmoja wa kijiji kile kile, akasikia mabishano, akaingia na lake: njia ya kwenda kwa mfua chuma ilipita juu, haikupita chini. Wakagombana wazee wawili juu ya njia ambayo hakuna aliyeikanyaga miaka mingi. Karatasi iliisha, wakaunganisha nyingine kwa ugali. Ilichukua jioni sita.

Mama wa yule kijana aliniambia kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile. Alisema baba yake hakuwahi kuzungumza juu ya kule, hata kambini. Wakimuuliza alisema, "Mambo yalishapita." Lakini kumsahihisha mtoto aliyekosea mwembe, hapo hakuweza kunyamaza.

Baadaye mjomba wa yule kijana alipanda kwenda kuuliza habari ya shamba lao, ambalo familia nyingine inalima sasa. Alikwenda na ile karatasi. Nawaomba musinielewe vibaya: mchoro si hati. Sheria ya ardhi ya nchi yetu, ya 1973, inajua cheti cha usajili, haijui krayo ya mtoto. Lakini chefu wa kijiji aliitandaza chini, wakaizunguka. Mzee wa ile familia nyingine akacheka, akasema, "Huyu aliyechora alikuwa wapi? Lile jiwe bado liko." Wakaenda wote kuliona jiwe. Upande wa mto wamekubaliana mpaka. Upande wa juu bado wanabishana, na sijui itaishaje. Lakini wanabishana wakiwa wamekaa, na munajua mabishano ya shamba huku kwetu mara nyingi hayakai.

Tangu hapo watoto wengine wanne wameanza na babu na bibi zao. Sikuwatuma. Na nisingependa chama kiwatume, juu ya kazi ya kulazimishwa itakufa kama masomo ya Jumamosi yalivyokufa. Iwe ni starehe yao. Leo anachora kijiji, kesho anachora Messi, keshokutwa mbuzi wa jirani. Aachwe.

Kuna wanaosema, na nimelisikia tena asubuhi hii, kwamba kuchora ni mambo ya wazungu ao ya watu walioshiba. Hapo siwezi kukubali. Lubumbashi kulikuwa na mchoraji anaitwa Tshibumba Kanda-Matulu. Alichora juu ya turubai za magunia ya unga. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi hii yote, picha zaidi ya 100, kuanzia mababu mpaka Lumumba mpaka wakati wake, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili, Kiswahili kama hiki chetu cha Kongo, kwa mwalimu wa chuo Johannes Fabian ambaye alirekodi sauti yake na baadaye, 1996, akatoa kitabu. Picha zile sasa ziko kwenye jumba la makumbusho Amsterdam. Kabla yake, mjini hapo hapo wakati wa Wabelgiji, tangu 1946, kulikuwa na karakana ambamo walichora kina Pilipili Mulongoya na Mwenze Kibwanga, na mwingine, Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole vyake. Vidole, jamani. Halafu mtu ananiambia hatuna vifaa.

Na Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, alichora kitabu cha picha kilichotoka 2014, "Madame Livingstone", juu ya vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa letu hili la Tanganyika. Mle ndani kuna ile meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wenyewe waliizamisha 1916, ikainuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na ndiyo ile munayoiita Liemba. Wazee wangapi hapa wameiona Liemba kwa macho? Inueni mikono. Munaona. Vijana wetu walipojua kwamba meli ya babu zao iko kwenye kitabu cha picha, na aliyeichora ni Mkongomani, walitaka kuichora wote. Bibi mmoja alikuja kuwaambia bomba la moshi wameliweka mahali pabaya.

Tena neno moja juu ya wasichana. Kwenye chumba cha mchezo, tangu kifunguliwe, sijaona msichana akishika maneti zaidi ya mara mbili. Si kwamba wamekatazwa. Vijana wamejaa, wanapiga kelele, mama gani atamruhusu binti akae mle usiku. Kwenye kuchora wako sita. Mmoja anajifunza ushoni, anachora nguo kabla ya kukata kitambaa, na fundi wake anasema kitambaa kinachoharibika kimepungua. Huyo hata hakuja kwa ajili ya kazi, alikuja kuchora ndege.

Papa Mweka-hazina ameniuliza kabla ya mkutano: "Kuchora kutaingiza nini kwenye kasa?" Papa, hakutaingiza kitu, na sitaki kukuahidi hata franga moja. Wachache labda watachora vibao vya maduka siku moja. Wengi hapana. Ninachoweza kusema ni kwamba feza ya mashine mbili, na pano kubwa zaidi, na batri mbili, na mtu wa kuzilinda usiku, ni feza nyingi. Tukiwaomba wafadhili, kwa heshima, wakubali kubadilisha, sehemu ndogo inatosha karatasi na krayo za mwaka mzima na taa moja nzuri, na inayobaki iende kasa moja kwa moja, bila kupitia mifuko ya watoto.

Ndugu zetu wa ng'ambo, najua mulitoa wazo hili kwa upendo. Wengi wenu watoto wenu huko wanacheza, mukafikiri watoto wa huku nao wasikose. Aksanti kwa kutufikiria sawa na watoto wenu. Mashine ya kwanza haitoki, ibaki, Ijumaa na Jumapili watu wacheze mpira wao, nami nitakuwepo, kuna kijana mmoja ananidai marudiano. Siku zingine tano chumba kiwe na meza.

Mukitaka kututumia kitu, mututumie picha za zamani. Yeyote aliyeondoka na picha ya Fizi, ya Baraka, ya kambi, hata iliyochakaa, aipige kwa simu na kuituma kwa katibu. Watoto watazichora, na wazee watapata kitu cha kusahihisha.

Kwa nyinyi wa hapa: meza inahitaji mbao tano. Mimi ninazo mbili, zilibaki nilipojenga kibanda cha garaji. Fundi seremala wetu, ambaye namuona pale nyuma amejificha, alisema atafanya kazi bure kama misumari ipo. Tunaanza Jumanne saa tisa na nusu, watoto wakitoka masomo. Mzee anayetaka kuja kubishana juu ya mwembe, kiti kipo.



(Baada ya maneno haya wanachama walijadiliana karibu saa nzima. Iliamuliwa barua iandikwe kwa wafadhili na Mama Prezida, na jibu lao litasomwa kwenye mkutano unaofuata. Mbao tatu zilipatikana siku ile ile.)